Dawa zipo, nauli imekatwa: fedha za VVU zinatoka wapi?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamke wa Wete, Pemba, natumia dawa za kupunguza makali ya VVU tangu 2016. Kliniki yangu ni ya Chake Chake, kwa sababu Wete kila mtu ananijua. Kulikuwa na mradi ukitupa nauli, na mwenzetu mmoja akitupigia simu tukikosa siku. Tangu mwanzoni mwa 2025 nauli hakuna, na yule mwenzetu kaachishwa kazi. Dawa lakini naendelea kupewa bure. Kama wahisani wameondoka, dawa zinatoka wapi? Na kama fedha zipo, nauli imekwenda wapi? Nachelea isije siku na dawa zikakatwa.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nimefanya kazi ya bajeti za afya kwa miaka mingi, na swali lako ndilo ninaloulizwa kuliko yote tangu msukosuko wa misaada ya Marekani uanze.

Wengi hudhani fedha za VVU zimo ndani ya mkoba mmoja, ukikauka kila kitu kimekauka. Kidonge unachopewa, mshahara wa muuguzi anayekupa na nauli iliyokufikisha kwake ni mikoba mitatu, kila mmoja una mwenyewe na masharti yake.

Dawa kwa sehemu kubwa hununuliwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, ulioanza 2002, makao yake Geneva. Kwa vile afya si jambo la Muungano, Zanzibar imekuwa ikipata ruzuku yake mbali na ya Bara. Ruzuku hizo hupangwa kwa miaka mitatu mitatu, na dawa huagizwa miezi mingi kabla ya kufika bohari. Ndiyo maana habari mbaya ikisikika redioni leo, kabati la kliniki haliwi tupu kesho. Mshahara wa muuguzi aliyeajiriwa na Serikali na jengo lenyewe ni mzigo wa SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Nauli ni habari nyengine. Miradi ya nauli, simu za kufuatilia na wahudumu rika, kama yule mwenzenu, aghalabu huendeshwa na mashirika yenye mikataba na wafadhili, hasa PEPFAR, mpango wa Marekani ulioanza 2003. Nyingi ya fedha hizo hazipiti hazina yetu. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Siku chache baadaye ikatoka ruhusa kwa huduma za kuokoa maisha ziendelee, tiba ya VVU ikiwemo. Kidonge kikahesabiwa kuwa kinaokoa maisha. Shughuli nyingi za kumsaidia mtu akifikie zikabaki nje ya mlango. Ikiwa mradi wenu ulikuwa wa mkoba huo, hapo ndipo nauli yako ilipopotelea.

Mimi naliona hilo ni kosa kubwa la hesabu. Dawa ya aina tatu ndani ya kidonge kimoja, yenye dolutegravir, ilishuka bei mwaka 2023 hadi chini ya dola 45 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mgonjwa akiimeza kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Akiacha kwa kukosa nauli, virusi hupanda, na huenda baadaye akahitaji dawa za ghali zaidi. Na Zanzibar, ambako maambukizi kwa watu wazima ni chini ya asilimia 1, wagonjwa wametawanyika, tena wengi wanajificha kama unavyojificha wewe. Kuwafikia ndiko kwenye kazi.

Nauli ikirudi kwa fedha zetu wenyewe, lazima iwe na kasma yake, yaani fungu lake, katika bajeti ya Serikali. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Baraza la Wawakilishi hujadili bajeti Mei na Juni. Kilio kinachofika Mei kimeshachelewa, kwani makadirio huandaliwa miezi kadhaa kabla. Pelekeni lenu mapema kupitia ZAPHA+, jumuiya ya watu wanaoishi na VVU iliyoundwa 1994. Jumuiya husema kwa niaba ya wote, jina lako halitajwi.

Lakini wewe usisubiri bajeti. Siku ya kliniki, kabla hujapewa dawa, muulize muuguzi kipimo chako cha wingi wa virusi cha mwisho kilisemaje. Kama virusi vimefubaa na huna maradhi mengine, omba upewe dawa za miezi mitatu, au sita zikiwepo, kwa mara moja. Safari kumi na mbili za Chake zitakuwa nne au mbili. Na ikitokea nauli imekosekana kabisa, piga simu kliniki kabla ya kidonge cha mwisho, waulize kama mtu unayemwamini anaweza kukuchukulia kwa kadi yako.