Usizibe daka, ndugu yangu

Usizibe daka, ile sehemu ya kukaa mbele ya mlango. Nimeruka salamu kwa makusudi, maana umeandika kwamba chuma kimeshaagizwa na kontrakta anaanza kazi wiki ijayo.

Kwa ambao hawakuliona swali: ndugu yetu amerithi nyumba ya mawe ya bibi yake, mtaa wa Mkomani, Lamu. Anahama Nairobi pamoja na mkewe na watoto. Anauliza lipu ya saruji au ya chokaa, anauliza juu ya boriti zilizoliwa na mchwa, anauliza shule, na anauliza watoto wake watauzoea vipi mtaa ambao kila mtu anamjua mwenzake tangu tumboni. Halafu katikati ya maswali hayo, kwa mstari mmoja tu, anasema wataweka geti la chuma mbele ya daka kwa sababu jioni vijana wanakaa pale, na kontrakta amemshauri nafasi ile igeuzwe stoo.

Mstari huo mmoja ndio ulionifanya niandike. Sisi tulifanya hivyo hivyo, nyumba yetu haiko mbali na hiyo yako, na aliyelipa ni baba yangu.

Waliojenga nyumba hizi walijua wanachofanya. Daka liko nje ya mlango, na vibaraza vyake vya mawe huku na huku. Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wa ndani, na pale njia inapinda, hata mlango ukibaki wazi mchana kutwa mpita njia hakioni kiwanda, yaani ua wa ndani, wala hawaoni waliomo. Sasa mtu amekuja kumtazama baba yako. Hawezi kuingia moja kwa moja, mna mama mle, mna dada zako, mna mke wako. Akiingia yeye, wao wote wainuke wapande juu. Kusimama kichochoroni nako hawezi, ana neno lake la siri, na punda wa mchanga wanapita wakimsukuma ukutani. Basi anakaa dakani. Analetewa kahawa, anasema lililomleta, anakwenda zake. Ukishaziba pale, mtu huyo hana pa kufikia. Hatagombana nawe wala hatakusema kwa watu. Ataacha tu kuja, nawe utakaa miezi ukidhani watu wamebadilika.

Kontrakta wetu alitoka nje ya kisiwa, na picha za mageti zimejaa kwenye simu yake. Sitamtaja. Alisimama pale mbele ya nyumba, akapima kwa macho, akasema: "Hii nafasi inapotea bure." Akasema nyumba isiyo na geti haina bei. Akasema wezi. Nilikuwa nimetoka Mombasa karibuni, dada yangu alikuwa amechoshwa na kelele za dhumna na simu za vijana hadi usiku, basi maneno yake yakaingia vizuri masikioni. Baba alinyamaza. Kwa mzee wa Kiamu kunyamaza ni jibu, na jibu lile tulilijua, tukajifanya hatukulisikia. Jambo moja tu alilikataa waziwazi: kontrakta alitaka pia kuuziba mlango wa wikio, kile kivuko cha juu kinachopita juu ya kichochoro, ule unaotokea nyumba ya jirani, akiuita mlango wa hatari. Baba akasema, "Huo haugusiki. Mamangu alipita hapo."

Geti likawekwa. Kibaraza kimoja kilivunjwa kidogo ili nguzo za chuma zipate kusimama.

Nikueleze maisha ya mzee yalivyokuwa kabla ya hapo. Akitoka msikitini alasiri, alikuwa anakaa kibaraza cha kushoto, mgongo ukutani, tasbihi mkononi. Watoto wakitoka chuoni, kusoma Kurani, wanampa mkono, naye humwuliza kila mmoja amefika juzuu gani. Aliyedanganya alijulikana, kwa sababu mwalimu wa chuo naye alipita pale pale baadaye. Muuza kahawa akifika na dele lake na vikombe vyake vikigongana, wazee wawili watatu wanajikusanya. Hapo ndipo zilipozungumzwa posa, ndipo palipoamuliwa nani achangiwe nauli ya hospitali Mombasa, ndipo ilipojulikana jahazi la nani limechelewa. Mke wa mtu akijifungua usiku, asubuhi habari iko dakani, na kabla ya adhuhuri supu imeshapelekwa.

Baada ya geti, tulimwekea kiti cha plastiki kwa ndani. Alikaa siku chache. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mmeniweka tunduni," akahamia chumbani.

Ramadhani ilipoingia ndipo tulipoanza kuona. Kwetu sahani za futari haziishi kuzunguka: huyu kaimati, yule mkate wa sinia, yule tambi, na sahani hairudi tupu. Wabebaji ni watoto. Mtoto akija na sahani ya moto mikononi, anapiga hodi getini, na sauti yake haifiki ndani. Anasubiri, anachoka, anarudi nayo kwao. Mama yake hamlaumu mtu. Kesho anampeleka kwingine. Dada yangu alilia siku aliyogundua kwamba nyumba iliyokuwa ikituletea mkate wa mofa tangu sisi wadogo haijatuletea mwezi mzima, na wao wakidhani sisi ndio tuliokataa.

Haya yote bado yangerekebishika. Lililofuata ndilo ninalotaka ulisome mara mbili.

Kulikuwa na harusi Shela, kijiji cha pili hapa kisiwani. Baba alisema kichwa kinamuuma, abaki alale. Tukafunga geti kwa kufuli kwa nje, kama kontrakta alivyotufundisha, tukaondoka na mashua sote. Baba akaamka kutaka kutawadha kwa ajili ya alasiri, akateleza kwenye kile kipandio cha kiwandani, nyonga ikavunjika. Akalala pale sakafuni.

Zamani, mzee huyo asipoonekana kibarazani alasiri, kabla ya nusu saa kuna mtu angeuliza. Angepigiwa hodi, angeitwa kwa jina, kuna mtoto angetumwa aingie. Siku ile watu walipita, wakaona kufuli nje, wakasema hawa wote wameenda Shela. Wenzake wa miaka yote walipita hatua tatu kutoka alipolala! Hawana kosa hata chembe. Tuliwaambia kwa chuma kwamba hapa hapana mtu.

Aliyemwokoa ni bi mkubwa wa nyumba ya pili. Kuta zetu na zao zinatazamana, kichochoro chembamba tu katikati, na baba alikuwa anaugonga ukuta kwa bakora. Mwanzo alidhani ni fundi. Kisha akasikia kwamba kugonga kunakwenda kwa mpango, mara tatu, kimya, mara tatu. Akapanda juu kwake, akavuka wikio, akasukuma mlango ule ule ambao kontrakta alitaka tuuzibe, akashuka ngazi akiita. Alipomkuta akafungua dirisha la juu na kupiga ukelele mtaa mzima ukatoka.

Na waliotoka mbele ni vijana. Wale wa dhumna. Wale ambao geti liliwekwa ili wasikae. Mmoja alikimbia kwa fundi wa majahazi akarudi na msumeno wa chuma, wakakata kufuli. Gari haliingii kwenye vichochoro vyetu, unajua mwenyewe. Walimlaza juu ya kitanda, wakakibeba mabegani kupitia Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hadi hospitali, wakipokezana, mmoja akitangulia kusimamisha punda. Mimi nilifika kutoka Shela nikamkuta baba amefunikwa shuka ya mtu nisiyejua ni ya nani, na vijana wamekaa chini nje ya wodi, viatu vimepotea njiani. Hakuna hata mmoja aliyetaja geti.

Baba yuko hai, alhamdulillah. Hatembei bila kushikwa.

Nilimpigia simu kontrakta. Nilitaka tu ajue. Unajua alisemaje? Tuweke kengele ya umeme na kamera. Mzee wa watu amelala sakafuni nyonga imevunjika, kengele anaibonyeza vipi? Na kamera ikimwonyesha, nani aliyeko Nairobi au Doha atakayefika Mkomani kumnyanyua? Watu hawa wanakuja mji ambao hawajawahi kuulala hata usiku mmoja wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, wanaona kibaraza cha mawe wanaona mita za mraba, wanachukua fedha zao na boti ya asubuhi. Nimesema sitamtaja, na sitamtaja, ila nina hasira naye mpaka leo, na kila nikisikia mwingine wa namna yake yuko mjini najisikia kumfuata nyumba kwa nyumba.

Kitu kingine ambacho hakutuambia, na wako pia pengine hajakuambia: Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na nchini unalindwa kwa sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Uso wa nyumba unaotazama njia huubadilishi kwa kupatana na fundi tu. Nenda ofisi ya makumbusho uwaonyeshe unachotaka kufanya kabla ya nyundo ya kwanza. Sisi tulilijua hilo tukiwa tayari tumeshavunja.

Kulitoa geti ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kibaraza kilirudishwa kwa mawe na chokaa. Watu hawakurudi kwa asubuhi moja. Kila alasiri tulimtoa baba tukamkalisha pale pale kwake, mto nyuma ya mgongo, na dada akateremsha kahawa na tende hata kama hakuna wa kuinywa. Wa kwanza kukaa alikuwa muuza kahawa mwenyewe, aliweka dele chini akasema leo na mimi nipumzike. Kisha watoto wa chuoni. Ilipofika Maulidi, wageni wa msikiti wa Riyadha wakajaa mitaa yote, mji mzima unatafuta mahali pa kumkalisha mgeni, na daka letu likajaa kama ya wengine. Usiku ule bi mkubwa wa nyumba ya pili alipitisha sinia ya pilau kwenye wikio bila kupiga hodi, na dada yangu akajua yameisha.

Vijana? Wako. Tulizungumza nao. Hapo ndipo utakapoanzia na wewe, badala ya chuma. Kijana wa mtaa si mtu wa kutoka hewani: ana mama yake, ana ami yake, ana mwalimu wake wa chuo. Keti nao jioni moja, jitambulishe wewe ni mjukuu wa nani, waulize wao ni wa nyumba ipi. Sisi tulikubaliana: baada ya isha hakuna muziki, anayekaa ndiye anayefagia, na mwanamke akipita sauti zinashuka. Tuliwatilia taa. Wanalishika neno lao kuliko nilivyotarajia, na mgeni asiyejulikana akipita mara mbili mbele ya mlango wangu wanamuuliza anamtafuta nani. Ulinzi unaoutafuta kwa chuma umekwisha kukaa dakani kwako, unacheza dhumna.

Umeuliza watoto watauzoea vipi mtaa. Wakalishe dakani. Mkeo atajulikana kwa sahani, wao watajulikana kwa kukaa pale na kutumwa. Katika wiki ya kwanza watu watawauliza "nyinyi wana wa nani?" mpaka wachoke. Wafundishe kujibu vizuri, kwa jina la bibi yao, kwa sababu jina hilo linajulikana na lako halijajulikana bado. Na watakaripiwa na watu wasiowajua. Usitoke ukagombana, mtu mzima anayemkaripia mwanao kichochoroni ndiye atakayemnyanyua akianguka.

Lipu ni chokaa, usiongeze neno. Mawe yetu ni matumbawe, yananyonya unyevu na chumvi, na saruji inaufungia ndani mpaka lipu ibanduke vipande vipande na ukuta uanze kuoza nyuma yake. Tafuta fundi mzee wa hapa hapa, amalize ndani kwanza, vyumba na dari. Upande wa njia usiuguse mpaka umekaa kwenye daka hilo Ramadhani moja na Maulidi moja. Mwenyewe, kwa makalio yako, alasiri baada ya alasiri. Ukishamaliza hiyo miezi ukaniambia bado unataka geti, nitakuja kukusikiliza.

Kwa sasa mpigie kontrakta usiku huu huu, kabla chuma hakijavuka kutoka Mokowe, gati la bara. Akigoma kurudisha amana, mwachie. Sisi tulilipa zaidi.