Datsun 240Z iliyolala: shughulikia kalipa kabla ya injini

Gari la zamani likiibuliwa uani baada ya kulala miaka mingi, kila mtu hukimbilia injini. Betri inaazimwa, petroli inamiminwa, na ikiunguruma tu, mwenye gari anataka kulizungusha mtaani. Mimi nasema shughulikia breki kwanza. 240Z ni gari lenye mbio. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta. Gari la namna hiyo likishawaka, mguu wako hautatulia.

Mbele lina diski na kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zenye pistoni mbili zinazotazamana, nyuma lina dramu. Adui wa kalipa hizo ni maji. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na gari likikaa bila kuguswa, unyevu huo hula chuma kwa ndani. Niliyoifungua mimi Mombasa, ambako hewa ya chumvi haina huruma, ilikuwa na mafuta yaliyoganda rangi ya kahawia, na pistoni moja ilikuwa haisogei hata kidogo.

Usikimbilie kung'oa kalipa. Kama masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) bado inasukuma, iache paipu ya breki mahali pake, toa pedi, kisha mwenzako akanyage pedali taratibu. Nguvu ya mafuta huitoa pistoni iliyokwama bila kuikwaruza. Ile nyepesi itatangulia, kwa hiyo izuie kwa klampu mpaka ile nzito ianze kusogea. Ukilazimika kutumia kompresa, weka kipande cha mbao katikati ya pistoni, punguza upepo, na vidole vyako vikae mbali kabisa. Pistoni ikichomoka kwa upepo inaweza kuvunja kidole.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi hubishana nami. Wakiona vishimo vya kutu kwenye ukuta wa silinda ya kalipa, yaani tundu ambamo pistoni hukaa, wanasema kalipa imekufa. Lakini kwenye kalipa hii sili, ile pete ya raba inayozuia mafuta, haitembei na pistoni. Imekaa kwenye mfereji ndani ya silinda, na pistoni ndiyo inayoteleza juu yake. Kwa hiyo uso unaozuia mafuta yasivuje ni uso wa pistoni. Ukuta wenye vishimo vichache, ukisafishwa, bado unafaa. (Masta silinda ni kinyume chake: kule raba husugua ukuta, na kishimo kimoja kinatosha kuiharibu.)

Basi ichukue pistoni, ifute, uipitishe ukucha polepole kuanzia juu hadi chini. Ukucha ukikwama mahali sili inapogusa, usipige msasa. Kromu iliyopakwa juu ya pistoni ikishabanduka, kutu itarudi. Nunua mpya, na ukipata ya chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi kwetu watu wa pwani. Ukienda kutafuta spea, iwe Kirinyaga Road ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam, nenda na pistoni na sili ya zamani mkononi, zipimwe hapo hapo.

Kisha mfereji wa sili. Kutu hujificha chini yake, huisukuma sili ibane pistoni, na breki inashika hata ukiwa umeweka sili mpya. Ukwangue kwa kipande cha shaba kilichochongwa mpaka chuma king'ae. Osha kwa spiriti. Petroli, dizeli na mafuta ya taa huvimbisha raba za breki, kwa hiyo yasiguse kitu chochote hapa, na wakati wa kufunga paka mafuta safi ya breki tu. Sili hiyo ndiyo inayoirudisha pistoni nyuma kidogo ukiachia pedali, kwa hiyo ikae sawasawa, isijipinde.

Kalipa ina nusu mbili zilizofungwa kwa boliti. Usizitenganishe kama huna sili ndogo ya katikati na kipimo cha kukaza boliti hizo.

Paipu za raba badilisha zote bila kujadili. Huvimba kwa ndani, mafuta yanaenda lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa huku wewe ukilaumu kalipa.

Wapo wanaofunga kalipa za Toyota Hilux zenye pistoni nne. Zinaingia, na zinauma vizuri, lakini kwa gari la barabarani za asili zikiwa nzima zinatosha, tena hazivurugi uwiano wa breki za mbele na nyuma.

Ukitoa upepo kwenye mfumo wa breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na mafuta yakimwagikia rangi ya bodi, yaoshe kwa maji papo hapo kabla hayajaibandua. Halafu endesha polepole mahali pasipo na watu, usimame, usogeze kiganja karibu na kila rimu. Upande wenye joto kuliko mwenzake una pistoni ambayo bado hairudi. Fungua tena upande huo.