Daktari Ajibu: Pikipiki moja naiona mbili

SWALI: Ndugu Daktari, mimi ni dereva wa basi la mikoani, nina umri wa miaka 57, na kisukari ninacho tangu mwaka 2014. Wiki tatu zilizopita niliamka nikaona vitu vya mbali viwili viwili, hasa ninapotazama kulia, hata pikipiki moja kwenye kioo cha pembeni naiona kama mbili zinazokwenda sambamba. Nikifumba jicho moja, lolote lile, inabaki moja. Nimetengenezewa miwani mipya, haikusaidia. Mke wangu anasema siku hizi namtazama huku nimegeuza shingo, na wenzangu wa stendi wanasema nimepitiwa na upepo mbaya. Je, jicho langu linakufa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mzee wangu, pole sana. Kabla ya yote, nakuomba usishike usukani mpaka utakapopimwa na kuruhusiwa.

Jicho lako halifi. Kule kufumba jicho moja kumetupa nusu ya jibu, kwa sababu kama kasoro ingekuwa ndani ya jicho lenyewe, ungeendelea kuona viwili hata ukilitumia peke yake. Macho yako yote mawili yanaona, ila hayaelekei mahali pamoja, na hilo miwani ya kawaida haiwezi kulirekebisha.

Kila jicho huzungushwa na misuli sita, na ule unaolivuta kuelekea sikioni hupokea amri kutoka kwa mshipa mmoja tu wa fahamu, yaani neva ya sita kati ya jozi 12 za neva za kichwa, ambayo madaktari huiita abdusensi. Neva hiyo ikilegea, msuli wa upande wa pua hubaki ukivuta bila mpinzani, jicho likaingia ndani kama la mwenye makengeza. Unapogeuza uso kulia, macho yanabaki upande wa kushoto, ambako msuli dhaifu wa jicho la kulia hauhitajiki, picha zikaungana. Mwambie mama kwamba hiyo si dharau. Mwili wako umejitafutia dawa.

Kinachotusumbua sisi madaktari ni njia ya neva hii. Hutoka kwenye shina la ubongo, hupanda juu ya mfupa wa kitako cha fuvu, hujikunja kwenye ncha ya mfupa wa sikio, kisha hupita kando ya mshipa mkubwa wa damu iendayo kwenye ubongo ndipo iingie kwenye tundu la jicho. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, hata kwa uvimbe ulio mbali nayo, neva hii inaweza kuvutika na kulegea. Mwaka 1904 daktari Mwitalia Giuseppe Gradenigo alieleza jinsi usaha wa sikio unavyoweza kuifikia. Huku kwetu hatusahau homa ya uti wa mgongo itokanayo na kifua kikuu, au na fangasi wa kriptokoka kwa wanaoishi na VVU.

Kwa mtu wa umri wako mwenye kisukari, kisababishi kinachoonekana mara nyingi ni kuziba kwa vijishipa vya damu vinavyoilisha neva, na wengi hupona ndani ya miezi mitatu hadi sita. Hata hivyo, hilo huthibitishwa kwa vipimo: sukari, shinikizo la damu, uchunguzi wa ndani ya jicho, na pengine picha ya ubongo. Ukipata maumivu makali ya kichwa, kutapika, kope kushuka, ganzi, au jicho la pili nalo likagoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wakati wa kusubiri, kuziba jicho moja kwa kitambaa kutakuondolea kero. Mtoto ni habari nyingine: apelekwe mapema, maana ubongo wake unaweza kuzoea kulipuuza jicho lililopinda. Upasuaji wa misuli kwa kawaida husubiri kama miezi sita, hali ikishatulia. Ile miwani mipya usiitupe, nenda nayo kliniki ya macho, kwani huenda ikabandikwa kioo chembamba cha prizimu kinachopindisha mwanga na kuziunganisha zile pikipiki mbili.