Namba iandike mwisho: ushauri kwa wanaotaka kuchambua albamu

Vijana wa hapa Mwanza wanaoanza kuchambua muziki wana swali wanalonirushia kila albamu mpya inapotoka: "Kaka, hii wewe umeipa ngapi?" Ni nadra mtu kuniuliza nimesikia nini. Nimeandika uchambuzi wa albamu za Bongo Fleva na hip hop kwa miaka mingi, na kama kuna jambo ningetamani walishike ni hili: alama huandikwa mwisho kabisa, baada ya maelezo kukamilika. Ukianza na namba, utashinda siku nzima ukiitafutia ushahidi, na masikio yako yataacha kufanya kazi.

Tunaziiga hizi alama kutoka nje, kwa hiyo inafaa kujua wenyewe wanazitumiaje. Robert Christgau, mchambuzi wa New York, alianza mwaka 1969 kuzipa albamu herufi za shuleni, A+ ikiwa juu kabisa, na maelezo yake mara nyingi hayazidi aya moja. Jarida la The Source liliweka maikrofoni tano kwa albamu za hip hop, na mwaka 1994 Nas alizipata zote tano kwa Illmatic. Pitchfork, tovuti ya uchambuzi wa muziki iliyozaliwa miaka ya 1990 huko Minneapolis, ikaja na kipimo cha 0.0 hadi 10.0. Metacritic, tangu mwaka 2001, hukusanya alama za wachambuzi wengi, huzigeuza zote ziwe kati ya 0 na 100, kisha hupiga wastani ambao baadhi ya vyombo hupewa uzito kuliko vingine.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Pitchfork ilijijengea jina kwa alama ambazo hazikuwa za mwandishi peke yake. Wahariri ndio walioziamua kwa kushauriana naye. Maandishi ni ya mtu, alama ni ya chombo. Kama mko watatu au wanne mnaoendesha ukurasa mmoja, fanyeni hivyo hivyo. Mmoja aandike, wote msikilize, kisha mkae mbishane kuhusu namba. Mabishano hayo yana faida kubwa kuliko namba yenyewe, kwa sababu ndipo utagundua kama ulichokiandika kinaweza kutetewa mbele ya mtu aliyesikia albamu ileile.

Na alama huzeeka. Mwaka 2021 Pitchfork ilirudia kuzipa alama albamu 19 ilizowahi kuzichambua. Discovery ya Daft Punk, iliyokuwa na 6.4, ikapanda hadi 10. Sioni aibu yoyote katika hilo. Muziki ulibaki uleule, lakini miaka 20 ilikuwa imeonyesha ni wangapi waliochota humo. Wewe pia rudi kwenye albamu baada ya miezi, na ukibadili mawazo andika nyongeza yenye tarehe chini ya uchambuzi wa kwanza. Alama ya zamani usiifute. Msomaji ana haki ya kuona ulivyosema mwanzo.

Sasa kuhusu kipimo chenyewe. Msomaji wetu amelelewa na mtihani wa kidato cha nne, ambako 75 ni A, 65 ni B, na mwenye 30 bado ana D yake. Ukimwandikia 6.5 kati ya 10 anaona umesifia, wakati mchambuzi wa Marekani akiandika 6.5 huwa anasema albamu ni ya kawaida tu, ina nyimbo chache za kubaki nazo. Kwa hiyo eleza kipimo chako kwa maneno, mahali panapoonekana, na usikibadilishe kwa sababu ya msanii unayempenda. Mimi hutumia 1 hadi 5, basi. Tofauti ya 7.3 na 7.4 siwezi kumweleza mtu, na nisichoweza kukieleza sikiweki.

Kusikiliza ndiko kwenye kazi nyingi. Albamu zetu hutoka usiku wa manane, na kufika saa mbili asubuhi mitandao imeshajaa hukumu. Hao hawajasikiliza, wamepitia. Mara ya kwanza mimi husikiliza kwa mpangilio wa msanii bila kuruka wimbo wala kuandika chochote. Mara ya pili naandika, wimbo kwa wimbo, nikitaja dakika: hapa kinanda kimeingia, hapa kiitikio kimerudi mara nne bila kuongeza kitu. Baada ya hapo naibeba albamu nje. Kivuko cha Kamanga ni mahali pazuri mno, unavuka ziwa hedifoni zikiwa masikioni na hakuna anayekusumbua. Kisha naisikia kwenye daladala ya kwenda Buhongwa, au kwenye sabufa ya baa pale Kirumba. Miksi iliyopendeza kwenye hedifoni inaweza kufa kabisa kwenye sabufa, besi ikameza mashairi yote. Hiyo ni habari ya kumpa msomaji, kwa sababu wengi wetu tunausikia muziki kwenye spika za watu wengine.

Usiandike kutokana na hafla ya kuizindua albamu. Pale kuna vyakula, taa, spika kubwa, na msanii amekaa meza ya pili anakutazama usoni. Nenda, furahi, chukua picha, kisha subiri uisikilize ukiwa peke yako.

Wasukuma wana namna yao ya kuhukumu, nayo ni ya zamani kuliko herufi za Christgau. Katika mashindano ya ngoma, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji, hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Ukifika Bujora, Kisesa, wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo mwezi wa sita utaona ushindani huo. Naiheshimu sana hukumu ile, maana haina upendeleo wa mtu mmoja. Lakini wachezaji wanajua watu hufuata nini, ndiyo maana kuna wanaoingia uwanjani na chatu. Watu wakikimbilia upande wa chatu, wimbo uliokuwa ukiimbwa upande huo ulikuwa mzuri? Umati haujibu swali hilo, na siyo kazi yake kulijibu. Leo umati umehamia kwenye idadi ya watazamaji wa YouTube, na chatu wetu wanaitwa kiki, yaani vituko vya kutafuta kuzungumziwa. Mchambuzi anaingia hapo: kueleza watu walivutwa na nini, na kama kilichowavuta kiko ndani ya nyimbo.

Ili ueleze hayo unahitaji vipimo vinavyolingana na muziki wenyewe, na hapa sisi tuna utajiri ambao hatuutumii. Mtu anayechana kwa Kiswahili anasimama juu ya ushairi wenye vina, mizani na mafumbo. Fid Q, mtoto wa Mwanza, aliita albamu yake Vina Mwanzo, Kati na Mwisho; jina hilo peke yake linakuambia anataka apimwe kwa nini. Basi mpime kwa hicho. Onyesha mstari ambao kina cha kati kimebeba maana, na ule ambao neno limeingizwa ili kujaza kina tu. Lakini usichukue kipimo hicho ukakipeleka kwenye singeli, ambayo hukimbia midundo 200 kwa dakika na zaidi, ukalalamika kwamba mashairi ni mepesi. Singeli iulize kama kasi yake inakuinua au inakuchosha, na kama MC anaitawala biti au anaburutwa nayo. Albamu ya mapenzi iulize sauti, melodi, na kama nyimbo 15 zinasema mambo 15 au jambo moja mara 15. Kwanza tambua msanii alitaka kufanya nini, kisha sema amefika wapi, halafu ndipo useme kama safari yenyewe ilistahili. Wachambuzi wengi huanzia hapo mwisho.

Kuna suala la pesa, nalo nitalisema wazi. Meneja mmoja aliwahi kunitumia pesa kwenye simu siku chache kabla albamu ya msanii wake haijatoka, bila kusema ni za nini. Nilizirudisha siku hiyohiyo kwa njia ileile, na ujumbe mfupi wa kumshukuru na kukataa. Fanya hivyo, ili kumbukumbu ya muamala ibaki. Ukipokea, utakuwa chawa, msifiaji wa kulipwa, na hata siku utakayosifia kwa haki hakuna atakayekuamini.

Gumu kuliko pesa ni udogo wa mji. Msanii uliyempa 2 utakutana naye Mlango Mmoja ananunua viatu, au mama yake ni jirani wa shangazi yako. Usikwepe kuandika kwa sababu hiyo, ila usiandike neno ambalo hungeweza kumwambia akiwa mbele yako. "Albamu mbovu" haimsaidii yeye wala msomaji. "Wimbo wa tano sauti imefunikwa na ngoma, na ubeti wa pili unarudia ule wa kwanza" ni kitu anachoweza kwenda nacho studio. Wapo walionikasirikia, kisha baadaye wakanitumia nyimbo ambazo hazijatoka wakitaka maoni.

Kabla ya kuchapisha, ninafanya jaribio moja ambalo nakushauri ulichukue. Ondoa namba kwenye uchambuzi wako, umpe mtu ambaye hajaisikia albamu. Akimaliza kusoma, muulize angekadiria umeipa ngapi. Akitaja alama iliyo karibu na yako, chapisha. Akikosea mbali, namba iache ilivyo kwanza na urudi kwenye aya zako, utafute ni sentensi gani iliyomwambia kitu ambacho hukukisikia.