Ukichunguza Podi Zilizofutwa, Usiishie kwenye Podi

Nilipoanza kusimamia klasta za Kubernetes, mfumo unaoendesha programu kwenye kundi la kompyuta (klasta), niliweka kengele ya kulia kila podi 10, yaani vifurushi vidogo vya programu inayoendeshwa, zinapofutwa ndani ya dakika 5, nikaamini nimeziba mwanya. Usiku wa kwanza ililia hadi alfajiri, kwa kuwa podi hufutwa kila toleo jipya la programu linapowekwa na kila mzigo unapopungua. Nikafanya lililoonekana la busara: nikaiagiza ipuuze ufutaji wote unaofanywa na Kubernetes yenyewe, yaani ule ambao kumbukumbu (rekodi za nani alifanya nini) humtaja replicaset-controller, kidhibiti kinachotunza idadi ya podi, au mzoa taka wa Kubernetes, generic-garbage-collector.

Hapo ndipo nilipokosea. Anayetaka kuzima huduma hana haja ya kugusa podi, kwani akifuta moja, nyingine huzaliwa mahali pake. Hufuta Deployment iliyo juu yake, yaani agizo linalosema nakala ngapi za podi ziwepo, au huishusha hadi nakala sifuri, kisha Kubernetes ndiyo inayozifuta podi, kwa utiifu na kwa jina lake. Miezi michache baadaye huduma zetu tatu zilizimwa vivyo hivyo saa nane usiku, na kengele haikulia.

Tangu hapo nafuatilia amri iliyoanzisha jambo: "delete" na "deletecollection" (kufuta vingi kwa mpigo) kwa Deployment na namespace (fungu la vitu ndani ya klasta), pamoja na "patch" au "update", yaani mabadiliko, inayoshusha nakala hadi sifuri. Naangalia mtendaji ni nani, ametoka anwani gani ya IP, na sehemu ya userAgent, inayotaja programu iliyotuma amri, inasema nini. Kwetu mtendaji alikuwa akaunti ya huduma inayopakia matoleo mapya, yenye tokeni (ufunguo wa kidijitali) halali na ruhusa zote; kilichomfichua mwizi ni kwamba userAgent ilitaja kubectl, programu ya kuandika amri za Kubernetes kwa mkono, ambayo mfumo wetu wa kupakia hautumii kamwe.

Yote haya yanahitaji kumbukumbu ziwepo kabla ya tukio. CloudTrail, huduma ya rekodi ya AWS (wingu la Amazon), hurekodi DeleteCluster, yaani klasta nzima ikifutwa, lakini podi zikifutwa ndani yake haioni. Kumbukumbu za ukaguzi za EKS, huduma ya Kubernetes ya AWS, huwa zimezimwa mpaka uziwashe mwenyewe. Kwa Azure, wingu la Microsoft, rekodi za Activity Log hukaa siku 90 tu, na mambo ya ndani ya klasta huyapati bila kuwasha kumbukumbu za kube-audit-admin au kube-audit. Ya kwanza ni nafuu lakini huacha "get" na "list", yaani amri za kusoma tu, hivyo hutamwona aliyekuwa akipekua kabla ya kufuta. Kwa klasta zinazohudumia wateja nimekubali kulipia ya pili. Zote nazipeleka kwenye akaunti nyingine, ambayo hakuna tokeni ya klasta inayoweza kuifikia.