Muulize Fisio: Saa inasema mzee hatembei

SWALI: Habari fisio. Baba yangu alipata stroki mwezi wa pili, upande wa kushoto ndio ulilegea, sahi anatembea na mkongojo hapa kwa ploti. Kaka yangu alimnunulia ile saa ya kuhesabu hatua akamvalisha mkono wa kushoto, jioni inaonyesha hatua 300 na mimi mwenyewe nimemwona akienda dukani na kurudi mara mbili! Mzee amekata tamaa, anasema mazoezi hayana haja. Hiyo saa ni mbovu ama?
Binti wa mzee, Umoja

JIBU: Pole dada yangu, na umwambie mzee hizo hatua amezitembea kweli. Saa si mbovu, imevaliwa mahali pabaya. Sensa iliyo ndani, yaani kile kidude cha kuhisi mtikiso, inategemea mkono urushwe ndio ihesabu, sasa mkono uliolegea haurushwi, unakaa umejikunja kifuani, na ule wa kulia umeshika mkongojo, alafu mwendo ukiwa wa polepole mtikiso ni mdogo, kwa hiyo hata ukiihamisha huko bado itaruka hatua nyingi. Ifunge kwa kifundo cha mguu mzima, wa kulia, tembea naye ukihesabu hatua 50 kwa mdomo uone kama mnakaribiana.

Lakini mimi idadi peke yake hainitoshi. Palipo na vifaa tunafunga sensa miguu yote miwili, tunaangalia kila mguu umekanyaga chini kwa muda gani, kwa sababu baada ya stroki mtu huuondolea mguu dhaifu uzito harakaharaka, ule mzima unabeba kila kitu, na anaweza kuongeza hatua kila siku na bado anachechemea vilevile. Macho yangu yanaona anachechemea, sensa ndiyo inaniambia kama wiki hii ni afadhali kuliko iliyopita.

Nyumbani tumia simu kupima sekunde. Pima mita 10 mahali tambarare, mwachie mita 2 za kuanzia na 2 za kumalizia nje ya hizo 10, hizo usizipimie sekunde, atembee mwendo wake wa kawaida na mkongojo wake, wewe ukae karibu naye upande wa kushoto. Sekunde 25 ni mita 0.4 kwa sekunde, chini ya hapo wengi huishia kutembea ndani ya nyumba tu. Akifika sekunde 12 na nusu, yaani mita 0.8, hapo ndio tunaanza kuongea mambo ya sokoni na stage ya matatu. Andika kila Jumamosi umpelekee fisio wake. Na mguu ukilegea ghafla kuliko kawaida usipime chochote, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mzee mwonyeshe hizo sekunde, zile hatua 300 aachane nazo.