Ukirudi Dar, panda daladala kwanza

Nilirudi Dar baada ya miaka saba Dodoma. Niliondoka kwa basi la Ubungo, wapiga debe wakinivuta begi huku na huku. Nikarudi kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024. Pale Stesheni nikamwonyesha kijana wa bodaboda jina la mtaa wetu wa Manzese kwenye ramani ya simu. Akakodoa macho.

"Hapo ni karibu na nini, kaka?"

Nikasema kwa sauti ya chini, maana niliona kama naongea mambo ya kizamani: "Kwa Mangi."

"Si ungesema mapema! Panda."

Tangu siku hiyo nina ushauri mmoja kwa yeyote anayerudi mjini akajiona mgeni: weka simu mfukoni, panda daladala, kaa karibu na mlango, msikilize konda. Majengo ya Dar yanabomolewa na kujengwa usiku na mchana, lakini majina ya vituo hayana haraka. Konda anapotaja vituo anakusomea mji wa zamani, na wewe dirishani unatazama mpya.

Chukua Ubungo. Mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi mwaka 2021, mwaka uleule daraja la Kijazi lilipozinduliwa, na leo magari yanapita juu na chini kwa ngazi tatu. Mtu bado atakwambia mkutane Mataa, jina lililotokana na taa za kuongozea magari. Sinza, ukishuka kwa Remmy, Remmy Ongala mwenyewe, yule mwanamuziki, alifariki mwaka 2010. Nimekaa kwenye siti na mabinti wanaosema "kwa Remmy" kila siku na hawajawahi kusikia gitaa lake. Hata mwendokasi, na vituo vyake vya vioo, umebaki na Mapipa, Usalama na Mwembechai. Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga majina, pengine ningeharibu.

Ukishashuka, tafuta kijiwe cha kahawa. Kahawa chungu, kashata, benchi la mbao. Usiulize "mji umebadilikaje," utapewa hotuba. Uliza kitu kidogo: hapa kwa nini panaitwa hivi? Wazee watabishana, na kwenye ule ubishi ndipo utapata mambo ambayo hukuyafuata: nani alikuwa na shamba hapa, maji yalichotwa wapi, nani alihama na kwa nini. Usiamini kila hadithi. Niliwahi kupewa asili tatu za jina moja kwenye benchi moja, na watoaji wote watatu walikuwa tayari kula yamini.

Halafu jihadhari na huzuni za bure. Mimi nilikuja na huzuni ya kutosha. Nilimtembelea mama mmoja wa Tabata, rafiki wa mama yangu, nikaanza kulalamika kwamba mji umepoteza sura. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, sisi hapa ni Dampo. Unajua kwa nini? Taka za jiji zima zilimwagwa hapa. Moshi, nzi, watoto wanakohoa. Watu wakaenda mpaka mahakamani. Leo limebaki jina tu, na jina halinuki." Akapuliza makapi, akaniuliza kama nitakula.

Kwa hiyo sasa nikipita mahali huwa najiuliza maswali mawili: hapa kimeondoka nini, na ni nani aliyefurahi kilipoondoka? La pili ndilo huwa tunalisahau, hasa sisi tuliokuwa mbali.

Kuhusu yule bodaboda: alinifikisha mlangoni kabisa. Kijana hajafika hata miaka ishirini. Duka la Mangi halipo. Tulikokuwa tukinunua mafuta ya kupimiwa na sukari ya robo sasa ni saluni, ina pazia la shanga na draya mbili. Msusi ni dada wa Tanga, kapanga hapo miaka minne. Nikamuuliza kama anamjua Mangi.

"Simjui, sijawahi hata kumwona," alisema, huku kashika kitana mdomoni. "Lakini wateja wote wananiita Mama Mangi. Nilikataa mwanzoni, nikachoka."